Vyuo Viwili na Mshauri Mmoja

Kitinda, kama jina lenyewe lisemavyo, alikuwa mtoto wa mwisho kwa mama yake, na kwa miaka miwili alikuwa kibarua katika karakana ya meno ya bandia. Alikoroga plasta, akaimimina kwenye chapa za fizi za watu, akachonga meno ya nta kwa kisu kidogo. Ukimwonyesha taya ya plasta, alikuambia mwenye taya hutafunia upande gani.

Kaka yake mkubwa mtaani walimwita Mshauri. Aliwahi kwenda chuo cha mbali, akakaa miezi minane, akarudi na tai tatu na neno "kimsingi". Cheti hakikuonekana. Ukimuuliza alisomea nini, alikujibu kwa kirefu mpaka ukasahau swali. Tangu hapo aliishi kwa mama, yeye na mkewe, akisubiri kazi ya hadhi yake.

Barua mbili za kumwita Kitinda masomoni zilifika wiki moja. Moja ilitoka chuo cha jirani, dakika ishirini kwa miguu. Nyingine ilitoka chuo kilichokuwa safari ya siku mbili kwa basi. Mshauri akaitisha kikao, akakaa kwenye kiti chenye mikono, tai shingoni.

"Kimsingi, mdogo wangu, mbali si pa kwenda," alisema. "Mimi nimefika, nimejionea. Watu wanaharibikia kule."

"Wewe uliharibikia wapi hasa, kaka?"

Mama, aliyekuwa akipinda shuka za hospitali, aliuondoa mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri.

Mshauri akajitia hamnazo. "Ukienda, nani atapika? Nani atafua? Wifi yako mgongo unamsumbua."

Wifi, aliyejinyoosha kwenye kochi, akakumbuka kujishika mgongo.

Kitinda hakukasirika. Alimtazama kaka yake kama alivyotazama jino la nta lililochongwa vibaya, la kurudishwa sufuriani likayeyuke. Mtu mzima, ndevu tele, anaogopa kuosha sahani! Usiku uleule alijaza fomu ya chuo cha mbali. Kijitabu chao kilikuwa na picha ya bwawa la kuogelea na wanafunzi wanaocheka bila sababu.

Kabla ya kuituma, alikwenda kukiona chuo cha jirani, apate kasoro za kutosha za kukikataa. Alizipata langoni tu. Rangi ilibanduka, kengele ilikuwa kipande cha chuma, na mlinzi alimwelekeza kwa kidevu. Alipofika karakana akamkuta mwalimu, mama wa makamo mwenye vidole vyenye makovu ya moto, akivunja kazi za wanafunzi kwa nyundo, moja baada ya nyingine.

"Hili ni jino au punje ya hindi?" alikuwa akiuliza.

Alipomwona mgeni kasimama mlangoni, hakumsalimu. Alimpa nta na kisu. "Nichongee gego."

Kitinda akachonga, huku amevimba kichwa. Mwalimu akaligeuza lile gego mara moja tu.

"Nani amekufundisha uvivu huu? Upande wa nje umeupamba, wa ndani umeuacha kwa kuwa hauonekani. Ulimi wa mgonjwa unakaa wapi, dada?"

Masikio yakamwaka moto. Kwa miaka miwili kila mtu alikuwa akimsifu, na hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Alipotoka nje alikipigia simu chuo cha mbali, akamuuliza karani wanafunzi huanza lini kazi za mikono.

"Karakana itafunguliwa mkiwa mwaka wa tatu," karani alimjibu. "Ila bwawa lipo."

Fomu ikaishia kwenye pipa la taka.

Mshauri aliposikia, kifua kilimtoka mbele. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza jinsi alivyomnusuru mdogo wake. Siku ya kufungua chuo alimkuta Kitinda anafunga sanduku.

"La nini tena? Chuo si hapo tu?"

"Nimepata kitanda bwenini."

"Bweni? Kwa mwendo wa dakika ishirini?"

"Nitakuja Jumapili kumwona mama. Sufuria ziko chini ya meza, kaka. Sabuni iko dirishani."

Mshauri akamgeukia mama. Mama alikuwa anakunja shuka mbili mpya, akaziweka juu ya sanduku.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Huyu ana mikono, hata kama hajaitumia."

Wiki ya kwanza Mshauri na mkewe walikula mkate mkavu, wakinuniana. Wiki ya pili mgongo wa wifi ukapona ghafla, na Mshauri akaonekana bombani na ndoo, akitazama huku na huku kama mwizi.

Kitinda alisoma miaka mitatu. Mwalimu alimvunjia kazi nyingi, mwaka wa pili akamfelisha mtihani mzima kwa taya moja iliyopinda, na hakumsifu hata mara moja. Sasa ana meza yake katika karakana ya hospitali, na madaktari humpelekea vinywa vilivyowashinda wengine. Wagonjwa wa mtaani kwao humwambia kwamba kaka yake ndiye aliyemwonyesha njia. Kitinda huwaambia wafungue kinywa, wakae kimya, apime.