Mkanda Niliolegeza Berchem

Wiki iliyopita nilikuwa Laeken, hapa Ubelgiji, natoka kwa bibi mmoja ninayemhudumia, nikamwona mwanamume amefungua mlango wa nyuma wa trela refu la likizo, yale yenye kitanda na jiko mbele na nafasi ya pikipiki nyuma. Alikuwa anafunga pikipiki mbili. Alipomaliza mkanda wa mwisho alishika usukani akautikisa, na trela zima likayumba. Nilisimama mvuani nikitazama hadi akaniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana, nikaondoka haraka. Basi leo nakusimulia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Utotoni tulikaa Berchem, katika nyumba za ghorofa za matofali zinazofanana hivi kwamba wageni wetu walizoea kubisha hodi kwa jirani. Baba alifanya kazi ya usafi wiki nzima. Jumamosi ilikuwa siku ya pikipiki, uwanjani mbele ya nyumba. Alikuwa na trela kuukuu la likizo, remorque kama alivyoliita, lililokwisha kuwatembeza watu wengine pwani hadi likachoka. Aling'oa kitanda, akaacha makabati, akafunga pete za chuma sakafuni. Watu wetu wa Kivu walionunua pikipiki za kupeleka nyumbani walimletea yeye, naye akazifikisha bandarini Anvers. Mama alipika bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, tangu asubuhi, maana hakuna aliyeleta pikipiki kwetu akaondoka na njaa. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese karibu na mafuta ya mashine, nageuka kutafuta trela.

Kule Bukavu baba alifunga kila kitu kwa kauchu, vile vipande vya mpira vinavyokatwa kwenye tyubu za tairi. Huku akajifunza kwamba mpira unavutika njiani, akanunua mikanda yenye mkono wa chuma wa kukazia. Gurudumu la mbele lilisukumwa mpaka ukutani. Mikanda miwili ilitoka kwenye usukani kwenda sakafuni, miwili ikashika nyuma. Mimi nilipandishwa juu ya kiti nikakandamiza kwa uzito wangu wote ili springi zishuke, huku yeye akikaza, na siku hizo nilijiona mtu muhimu kuliko wote Ubelgiji. Kisha alinishusha.

"Bon, tikisa. Kama moto inacheza yenyewe, haiko bien. Kama remorque yote inacheza nayo, tunaenda."

Moto ndivyo tulivyoita pikipiki, na bien ni sawasawa. Na kulikuwa na sheria moja. Unatujua sisi: mtu wetu akisikia kuna kitu kinachosafirishwa nyumbani, hakosi kamzigo. Baba hakuweza kukataa, kwa hiyo mizigo iliingia makabatini, na makabati yakijaa, basi. Karibu na pikipiki hakutaka hata leso.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jumamosi hiyo kulikuwa na pikipiki nyekundu ya shangazi, dada mkubwa wa baba, muuguzi katika milima ya nyuma ya Bukavu, aliyetembea kwa miguu saa nyingi kuwafikia wajawazito. Baba aliifunga taratibu kuliko nyingine zote. Nikaitikisa, ikawa sawa, naye akapanda juu kunawa na kula. Hapo mama jirani akashuka mbio na furushi.

"Mwanangu, ni kamuzigo kadogo tu. Nguo za maman yangu, anagonjwa sana. Weka fasi yoyote."

"Makabati imejaa, maman. Papa anakatala."

"Papa yako hatakasirika juu ya mugonjwa, hein?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kumnyima mama wa watu nafasi ya furushi, hilo sikufundishwa kwetu. Nililegeza mkanda mmoja wa mbele, nikalisukumiza furushi kati ya pikipiki na ukuta, nikaukaza tena kwa nguvu zangu zote, ambazo zilikuwa nguvu za mtoto. Sikutikisa. Nilijua vizuri kwa nini sitikisi, nikafunga mlango kabla baba hajashuka.

Njiani, kwenye barabara kubwa inayouzunguka mji, pikipiki nyekundu ilianguka. Hakuna aliyeumia, lakini usukani ulipinda na tangi likapasuka. Shangazi aliendelea kutembea milimani kwa miezi mingi hadi baba alipopata nyingine. Furushi alilikuta sakafuni, akadhani limetoka kabatini. Jioni ile baba aliketi mezani, hakugusa chakula, akawa anaangalia viganja vyake.

"Ule mukanda ya mbele ulikuwa umelegea," alimwambia mama. "Donc, mikono yangu inaanza kunidanganya."

Nilikuwa pale pale, naosha sahani. Nilinyamaza. Kwanza kwa woga, halafu kwa aibu, halafu kwa sababu miaka ilikuwa imepita na sikujua nianzie wapi.

Hakufunga pikipiki tena. Trela aliliuza. Na tangu hapo hakuamini fundo lolote la mikono yake. Akifunga katoni, akining'iniza pazia, akikaza mkoba wangu wa shule, aliniita: "Kuya utikise." Nilitikisa, nikasema, "Iko bien, papa." Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, nikimkuta anafunga sanduku la safari, aliniita vile vile, akasubiri pembeni nimpe ruhusa. Iliniuma kila mara, na kila mara nilitikisa.

Alifariki majira ya baridi yaliyopita. Hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi nikiwa nimejiandaa kusema. Siku ya mwisho alikuwa amelala, nikajiambia nisimwamshe, nitasema kesho.

Siku hizi uwanja ule wa Berchem umejaa magari ya watu nisiowajua, mama amehamia kwa dada yangu, na Jumamosi hakuna anayepikia umati. Hayo nayamudu, kila mtu ana utoto uliokwisha. Ninachoshindwa kukimudu ni kwamba baba amezikwa akiamini mikono yake ilimwangusha. Angalau wewe ujue. Baba alikuwa amefunga vizuri.