Kanga ya korosho kwenye bango la uchaguzi, na sababu ya bibi yangu kutopigwa picha tena

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Naleta kisa cha nyumbani kwetu Bagamoyo. Sitaongeza chumvi, maana wenye kisa wameshatangulia mbele za haki na sitaki kesi nao.

Mimi ni mtu wa kuzurura. Nina arobaini na ushee, nilimaliza form four nikashika njia, mpaka leo sijatulia. Juzi basi letu liliharibika pale Msata. Likaja Fuso la kampeni, wakashuka kina mama, wote sare, wanaimba, kijana anawapiga picha kwa simu. Watu wanashangilia.

Mimi nywele zikanisimama.

Twende nyuma. Miaka ya hamsini inaelekea ukingoni, Mwingereza bado yupo, uchaguzi unanukia. Babu yangu Rajabu alikuwa karani pale boma. Mtumishi wa serikali alikuwa haruhusiwi siasa, na babu akalileta katazo hilo hadi chumbani: mkewe asisogelee mkutano wa chama.

Bibi Zuhura akasogelea.

Kikundi chake cha ngoma kiliitwa kuimba, na aliyekiongoza ni somo yake, Bi Mwanaidi. Kwa wasio wa pwani, somo ni yule mama aliyekufunda ukiwa mwari. Akisema twende, unakwenda.

Bibi alivaa kanga mpya ambayo babu alimletea kutoka Unguja. Pindo jeusi, katikati korosho kubwa nyeupe. Bagamoyo nzima alikuwa nayo yeye peke yake, na akijivunia hilo.

Palikuwa na mpiga picha kutoka Dar. Bibi alipoiona ile kamera akajifunika. Uso aliuwahi. Kanga hakuiwahi.

Mabango yakatoka. Juu mgombea, chini kina mama wanaimba. Enzi zile, wakuu, picha kubwa ukutani haikuwa jambo la kila siku. Wengi hawakusoma maneno, walisoma nguo. Yakabandikwa sokoni, madukani, malori yakayapeleka mpaka Mkange. Na kote yalikokwenda, zile korosho nyeupe zilikuwa ndiyo kitu cha kwanza kuonekana.

Bibi akaanza kwenda sokoni kwa uchochoroni. Kanga akaifukia kwenye pipa la mchele. Kilichomtesa zaidi ni kwamba babu alikuwa kimya. Anakula, anasali, analala. Bibi hakujua kama ameliona.

Siku moja alasiri babu karudi kazini, hakuvua hata kofia.

"Bwana Shauri kaniwekea karatasi mezani," akasema. Bwana Shauri ndiye Mzungu wa boma, mkubwa wake wa kazi. "Kaniuliza, Rajabu, wewe mwenyeji, mwenye kanga hii ni mke wa nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Bwana, hiyo ndiyo kanga ya mjini sasa, wanawake wote wanayo."

"Akasema?"

"Akasema vizuri. Siku ya Idi nitaziona."

Siku ya Idi Bwana Shauri alikuwa anatoa zawadi za michezo kwenye uwanja wa boma, na mji mzima unakuwepo.

Babu akamalizia taratibu, bila kupandisha sauti: "Asipoziona, sina kazi. Na nikikosa kazi kwa ajili yako, Zuhura, utarudi kwenu Kiwangwa. Mtoto anabaki."

Mtoto mwenyewe ni mama yangu, hata kutambaa bado.

Bibi akakimbilia kwa somo. Bi Mwanaidi alimtukana kwanza babu, kisha akafikiri. Idi ni wakati wa sare, na Mhindi wa dukani angeweza kuagiza doti za kutosha kutoka Dar. Lakini kikundi chao kilikuwa nusu tu ya mji. Nusu nyingine ni ya Bi Chausiku, mahasimu wao wa ngoma. Na mahasimu hawavai sare moja, wakuu. Afadhali mtu atoke na gunia.

Wakaenda hivyo hivyo, bibi kambeba mama mgongoni.

"Leo mmetukumbuka?" Bi Chausiku akawapokea mlangoni. "Si ninyi mliotuimba kwamba hatujui kuoga?"

"Tuliimba, dada yangu."

"Tena mbele ya wakwe zetu!"

"Mbele ya wakwe zenu," Bi Mwanaidi akakubali. "Idi ikiisha na ninyi mtuimbe. Tutakaa chini tusikilize."

Bi Chausiku alipoelezwa shida yao, akamwangalia bibi, akamwangalia mtoto. Akamwambia, "We mke wa karani, siku hiyo usije ukasimama pembeni kama mwizi. Utakaa katikati yetu."

Idi ikafika. Bibi aliniambia hakumeza kitu tangu asubuhi. Uwanja mzima korosho. Bwana Shauri akashuka kwenye gari, akapita mbele ya wanawake pole pole, kama anayekagua askari, babu nyuma yake. Alipofika usawa wao akasimama.

Bibi akamkumbatia mama kwa nguvu hadi mtoto akalia.

Hapo Bi Chausiku akaanzisha wimbo wa kumkejeli Bi Mwanaidi, meno yake na mwendo wake. Upande wa pili nao wakajibu. Mahasimu wanatupiana vijembe ndani ya kanga moja! Bwana Shauri akacheka, akamgeukia babu: "Kanga nzuri, Rajabu. Hata mke wangu nitamtafutia."

Mpaka anakufa, babu hakujua kama ile ilikuwa mzaha au onyo. Kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, alichungulia kwanza.

Mpiga picha wa Dar naye alikuwepo uwanjani. Bango lililofuata halikuwa na mgombea tena, ni wanawake wa korosho tupu. Watu wakasifu, chama kina akili, kimechagua korosho kuwavuta wakulima. Hakuna aliyechagua. Ilikuwa hofu ya mama mmoja.

Bibi hakupigwa picha tena. Niliwahi kumnyooshea simu, akavuta kanga usoni: "We mwana, unataka kunipeleka wapi?" Tumemzika bila picha.

Basi pale Msata sikuendelea na safari. Nilishasikia kwamba Mkange kuna fundi cherehani mzee mwenye lile bango la pili ukutani. Nikamfuata. Lipo, mchwa wamelila pembeni. Nikalipiga picha, nikazoom katikati. Mwanamke kajifunika uso kwa pindo, mguu wa mtoto unaning'inia ubavuni.

Nikamtumia mama. Sasa ana sitini na kitu. Nilitegemea atafurahi.

Akapiga simu, anaongea kwa kunong'ona. "Ifute hiyo, mwanangu. Wasije wakamjua."

Nilichojifunza: ukiona sare nzuri kwenye picha ya kampeni, tazama na nyuso. Si kila aliyevaa amekuja kushangilia.

Wenye wazee waliozikwa bila picha, karibuni mseme, nasoma zote. Na wale wa kudai ushahidi, nawajua. Picha sijaifuta. Lakini humu siiweki.