Uji wa Saa Nne

Wiki jana nilienda shamba moja la maua nje ya Nakuru kutafuta maua ya harusi ya mpwa wangu. Saa nne wafanyakazi wakatoka kwenye banda la kupakia. Supavaisa akasimama kando ya sufuria ya uji, akatangaza, "Kampuni sasa iko na sera ya HIV. Wale wanatumia dawa wakuje wapate uji. Msiogope, hapa hakuna ubaguzi."

Hakuna aliyesogea. Kila mtu alitazama viatu vyake, maana ukimwangalia jirani utaonekana unamshuku. Uji ukaanza kushika utando.

"Ama mnataka nianze kuita majina?" supavaisa akauliza.

Mama mmoja wa makamo akaenda, akajaza kikombe, na badala ya kunywa akamnyooshea supavaisa.

"Boss, anza wewe."

Mkono wa supavaisa ulitoka mfukoni, ukarudi. Akageuka haraka kuona ni nani anamwangalia. Tulikuwa tunamwangalia sote.

Wafanyakazi waliielewa hiyo sera tangu sufuria ifunuliwe: kuchukua kikombe ni kujitangaza. Yeye ndiye alikuwa amebaki kuielewa.