Kikohozi Kilichovuka Bahari

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka waasi, barua zetu zilifunguliwa kabla hazijatufikia. Siku moja katika posta ya Meru, karani alimsimamisha muuguzi mmoja wa Nkubu mbele ya foleni.

“Mama, barua hii ya ng'ambo inasema mtu alikohoa mara mbili. Hiyo ni siri ya nani?”

“Aliyekohoa ni mtangazaji wa redio ya huko. Nilinasa kituo chao kidogo kwa redio yangu, nikawaandikia nilichosikia, hata kikohozi. Nilikuwa nangoja wathibitishe kwamba ni wao niliowasikia.”

Karani akasoma tena, polepole. “Wanasema ni kweli alikohoa. Na hakuna aliyewahi kuwasikia kutoka mbali hivi.”

“Basi wasomee na hawa,” muuguzi akasema, akituonyesha kwa kidevu.

Akatusomea, tukapiga makofi. Karani yule aliajiriwa kusaka maadui ndani ya barua, lakini kazi ya utangazaji ilimfaa zaidi.