Sikudhani, Mfumua Nyumba

Nyumba yetu ya Nkuhungu ilipopigwa X nyekundu kupisha barabara, mimi Shamimu nilifoka, nikalia, nikachoka. Fidia tulishapata, na kiwanja kingine nje ya mji. Shida ilikuwa mama. Mama yangu haoni, lakini ndani ya nyumba ile alikuwa anatembea mwenyewe, hashikwi mkono na mtu.

"Ukinitoa hapa," akaniambia, "ndipo utakuwa umenifanya kipofu kweli." Niliumia sana.

Ndipo akaja Sikudhani. Huyu ni Mrangi wa Kondoa, mjane, anauza milango, madirisha na mabati ya nyumba zinazobomolewa. Alianza siku alipoona tingatinga likiponda mlango mzima wa mninga. Hadi leo akisimulia anapandisha sauti: "Jamani, mninga! Eti wanaufukia shimoni!" Nilijua atauliza bei. Wapi! Alimwamkia mama shikamoo, akakaa mkekani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi sivunji, nafumua," akaniambia. "Nyumba itahama na mama."

Mimi nilishaota vigae na sebule kubwa, kwa hiyo nikanuna. Yeye akachukua kamba, akapima vyumba vyote, hata kutoka kitandani kwa mama hadi dirishani. Kisha yeye na fundi Uwesu wakaanza kufumua paa, misumari wakainyoosha. Matofali yalikuwa yamejengewa udongo, basi yakaachia mazima. Kule kwenye kiwanja kipya wakaijenga tena kwa vipimo vya kamba ile ile, vifusi vikajaza sakafu. Matundu ya mabati wakayaziba kwa lami na vipande vya tyubu.

Uwesu alipofunga mlango wa mbele, akakosea, ukawa unafungukia upande mwingine. Sikudhani akamwambia aung'oe aufunge upya. Nikaropoka: mlango si mlango tu?

"Mkono wa mama hautaujua," akanijibu. Nikaenda kumshikia Uwesu mlango.

Siku ya kuhamia, mama alikataa nimshike mkono. Akapapasa fremu, akausukuma mlango, akaingia, akasimama. Mimi nilikuwa nimetangulia ndani. Mara akaanza kutembea, taratibu, kisha kwa mwendo wake wa kila siku, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"We Shamimu," akanikaripia, "mbona umenizibia njia? Chumba changu si hicho hapo nyuma yako?"

Nikampisha. Nikamgeukia Sikudhani, nikamkumbatia nikilia.