Sahani ya Birika

Mohdhar hakuiba sahani makaburini. Neno hilo la wizi lilianzia barazani kwa Bwana Hashim, muuza vitu vya kale, likauzunguka mji wa Amu kabla mjane wake, Bi Shifaa, hajatoka eda. Alilisikia akiwa ndani. Alikuwa amesomesha historia miaka mingi, na alijua kwamba uvumi usiojibiwa huishia kuandikwa.

Ukweli ni huu. Mumewe alizaliwa Kizingitini, mtoto wa mshona matanga. Alipohamia Amu alijifunza kudarizi kofia, kisha akawa mwandika majina ubavuni mwa mashua. Hakuna kazi aliyoiacha kati ya hizo. Picha zake zilikuwa tanga kuukuu, rangi zilizobaki mikebeni na vigae vya sahani, vyote vikishikwa kwa uzi wa kofia. Majirani walimwita Bwana Viraka, mpaka Nairobi walipomwita msanii.

Nerea, binti wa jumba la sanaa huko Nairobi, alipokuja kuchukua picha za maonyesho, Bi Shifaa alimpa kahawa na halua. Lakini hakumpa imani. Alimwona akiigeuza picha kubwa kuliko zote, akipitisha ukucha nyuma ya kigae chenye ua la buluu.

"Bi Shifaa, hii ni chokaa?"

"Ni chokaa."

"Nimeambiwa sahani zenye chokaa hubanduliwa kwenye makaburi ya kale."

"Aliyekwambia alikuuzia nini?"

"Bangili."

"Basi na hilo alikufungia pamoja na bangili."

Nerea alicheka, lakini hakuiachia picha. "Kama ni ya kaburini siwezi kuitundika. Na nikiiacha, watu watauliza kwa nini."

Wangeuliza, na Hashim angewajibu. Bi Shifaa alimshuku mgeni. Pengine Hashim ndiye aliyemtuma aje kuchungulia ndani. Hata upole wake aliushuku. Lakini jina la Mohdhar lilikuwa mikononi mwa binti huyu.

"Vua viatu. Ilete hiyo picha."

Alimpitisha misana miwili, zile kumbi ndefu nyembamba za ndani, hadi chooni, mahali ambapo mgeni hafikishwi, akamwonyesha birika la mawe la kuwekea maji ya kuogea, lililokauka. Katikati ya sakafu yake palikuwa na shimo la duara.

"Nyumba zetu hutiwa sahani hapo chini kwa chokaa. Maji yakipungua, visamaki vinavyokula vijidudu vya mbu hupata pa kukaa. Hashim analo birika kama hili kwake. Anajua."

Nerea aliinama. Kipande kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye chokaa, chenye bua la buluu lililokatika. Alikisogezea picha. Bua likafika kwenye ua lake.

"Samahani, Bi Shifaa."

"Andika. Sahani ya birika, nyumba ya babake mkewe."

Nerea aliandika kwenye simu, kisha akasita. "Lakini kwa nini aliing'oa? Na maji mkayakausha?"

Bi Shifaa hakuangalia shimo. Birika lile halikutiwa maji tena tangu mtoto wao Iman, wa miaka mitatu, alipotolewa humo hana uhai. Mohdhar aliivunja sahani siku ya pili, na kwa mwaka mzima hakushona kitu kingine ila vigae vyake.

"Umeuliza ilikotoka, nimekuonyesha," alisema, akishika mlango. "Mengine ni ya nyumba hii. Sitayasema."