Televisheni Ndani ya Pejo ya Baba

Enzi zetu, wenzangu, mtoto akipakiwa kwenye gari kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia nje. Sisi tuliokulia Biryogo, kule Nyamirambo ambako vyerehani vilianza kulia asubuhi na mapema na harufu ya mandazi ilikukuta bado uko kitandani, tulikijua kila kilima cha njia ya Butare kwa kubandika pua kwenye kioo. Tulihesabu baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi. Tuligombania upande wenye kivuli. Tulitapika, halafu tukabishana nani ametapika zaidi. Wanangu wa leo nikiwaambia kwamba tulisafiri saa mbili na zaidi bila simu mkononi, wananitazama kana kwamba nililelewa gerezani.

Lakini ukweli lazima niuseme. Mtaani kwetu sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kutazama sinema ndani ya gari, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile mwili unanisisimka.

Baba yangu aliuza vitenge mjini. Alikuwa na Pejo familiale ya rangi ya maziwa, yenye safu tatu za viti, ambayo ilinuka petroli na nguo mpya. Mimi, Zaina, ndiye mkubwa wa watoto, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Walinifuata mapacha, Hassan na Huseni, wenye miaka tisa, ambao hawakuwahi kukaa kimya pamoja hata dakika tano. Kisha Mwamini, mwenye miaka mitano, na mwisho mtoto mchanga ambaye safari nzima alilala mapajani kwa Mama kiti cha mbele.

Mwamini alikuwa na maneno. Aliuliza kila kitu, kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, lugha yoyote iliyotangulia kufika mdomoni. Nyumbani tulicheka. Ila ulikuwa mwaka 1991, vita vilikuwa vimeanza mwaka uliotangulia, na barabara zote zilikuwa na bariyeri, vizuizi vya askari. Siku moja tulisimamishwa, askari akainama dirishani kukagua kitambulisho cha Baba, na Mwamini akauliza kwa Kinyarwanda safi, "Baba, huyu ndiye yule aliyekunywa soda zetu?"

Kwa sababu Baba alikuwa amesimulia mezani jinsi askari wa bariyeri alivyomnyang'anya soda, na watoto husikia.

Yule askari alimtazama Baba, akakitazama tena kitambulisho. Kisha akacheka, akaturuhusu. Angeweza kutocheka. Mwaka ule watu walikuwa wanachukuliwa kwa madogo kuliko hayo. Tulipofika nyumbani Baba alikaa ndani ya gari peke yake, mikono kwenye usukani, mpaka Mama akaenda kumfungulia mlango.

"Hawa watoto lazima wanyamaze njiani," alimwambia. "Huyu mdogo siku moja atatumaliza."

Hivyo ndivyo televisheni ilivyokuja. Mfanyabiashara mwenzake aliileta kutoka Dubai, ndogo kama mkate wa sinia, ya kutumia betri ya gari, pamoja na dek ya video. Kumbukeni kwamba siku hizo nchi yetu haikuwa hata na kituo chake cha televisheni. Video tuliitazama kwa jirani mmoja, watu arobaini sebuleni, jasho na viatu vimevuliwa mlangoni. Kuwa nayo nyumbani ulikuwa ufalme. Kuwa nayo ndani ya gari hata jina hakukuwa nalo.

Aliyeifunga alikuwa Fundi Kalonji, fundi redio kutoka Zaire, mtu mrefu aliyeimba akifanya kazi. Alichukua siku tatu. Kwanza alileta seremala akatengeneza kisanduku cha mbao, wakakikaza kwa skrubu katikati ya viti viwili vya mbele, televisheni ikakaa humo, uso umetuelekea sisi wa nyuma. Dek aliiweka chini ya kiti cha Mama. Akatoboa tundu karibu na injini, akapitisha nyaya nyekundu na nyeusi chini ya zulia mpaka kwenye betri. Watoto wa Biryogo yote walijazana. Wazee walitoka msikitini wakasimama, wakainama kuchungulia, wakasema astaghfirullah, lakini hawakuondoka.

Mama hakufurahi. Alisimama mlangoni na mtoto mchanga mgongoni. "Baba Zaina, watu wanafungasha virago, wewe unafunga sinema kwenye gari?"

"Mama, usiogope," Kalonji alimjibu kutoka chini ya kiti, miguu tu ikionekana. "Moto ya batri haiue mutu. Batoto batanyamaza sawa vile bako ku musikiti."

Na kweli, picha ilipotokea kwa mara ya kwanza, yenye mistari, ikitetemeka, sisi wanne tulinyamaza papo hapo. Baba alitutazama kwenye kioo chake cha ndani. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu vita vianze.

Safari ya kwanza ilikuwa ya likizo kubwa, kwenda kwa Bibi mzaa mama, Butare. Mama alinipa kazi moja tu: kukaa kiti cha nyuma kabisa na Mwamini, nisimwachie mkono. Mapacha walikaa kiti cha kati. Mkanda ulikuwa wa karate, sijui hata mwanzo wake, ila wanaume walirukiana juu ya mapaa na sauti ya ngumi ilichelewa kidogo kufika. Kipaza sauti kilikuwa kidogo, injini ya Pejo ilikuwa kubwa, na kutoka kiti cha nyuma uliona visogo vya mapacha tu. Nilivumilia mpaka tulipoteremka mlima wa kuelekea Nyabugogo. Kisha nikaruka kiti, nikajibana katikati yao.

"Na mimi!" alisema Mwamini.

"Wewe mdogo, huoni kitu. Kaa hapo."

Nyabugogo mnaijua. Mabasi, wachukuzi wenye magunia vichwani, makondakta wanaokuita kwa miji usiyokwenda, matope, moshi, redio kumi zinalia mara moja. Baba alisimama kumnunulia Bibi gunia la mchele. Alifungua mlango wa nyuma, akaenda na mchukuzi kuchagua. Mchukuzi akarudi na gunia, akalitupa nyuma juu ya mizigo, akaubamiza mlango. Gari likatikisika. Sisi tulikasirika kwa sababu picha iliruka.

Baba aliingia, akawasha gari. "Wote mpo?"

"Tupo!" nilisema mimi. Mapacha nao wakasema tupo. Hakuna aliyegeuza shingo.

Tukaondoka. Tulikuwa wema kupita malaika. Mama hata alisema, "Leo hata Mwamini kanyamaza," na Baba akajibu, "Si nilikwambia?" Nakumbuka maneno yale na sauti zao zote mbili, jinsi zilivyokuwa na raha.

Kabla ya daraja la Nyabarongo kulikuwa na bariyeri. Askari kijana alikuja dirishani, akachukua kitambulisho, na macho yake yakaangukia televisheni. Watu wadogo walikuwa wanapigana mle ndani. Aliruka nyuma, bunduki ikainuka.

"Hii ni nini?"

"Ni video tu, afande. Ya watoto."

Askari akaona nyaya. Akazifuata kwa macho mpaka zilipoingia chini ya zulia. Akapiga mluzi, wakaja wengine watatu, na mmoja akasema kwa sauti, "Hiyo ni mashine ya kuzungumza na adui." Nilimwona Baba akibadilika rangi. Sote tulijua maana ya kuitwa msaliti mwaka ule. Jirani yetu wa nyumba ya tatu aliitwa hivyo, akachukuliwa, na mkewe alikuwa bado anampelekea chakula mahali walikokataa kukipokea.

"Shukeni wote!"

Tulishuka. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alitembea taratibu akitutazama mmoja mmoja. "Watoto wangapi?" alimuuliza Baba kwa Kinyarwanda.

"Watano, afande."

Alihesabu kwa kidole. Mtoto mchanga. Hassan. Huseni. Mimi. Kidole kikabaki hewani.

"Mimi naona wanne. Wa tano mmemficha wapi?"

Mama alicheka kidogo, cheko la mtu anayesahihisha kosa dogo, akazunguka nyuma ya gari, akaufungua mlango. Palikuwa na gunia. Akalivuta gunia. Palikuwa na kapu la Bibi, na jozi ya ndara za Mwamini, za bluu, kwa sababu ndani ya gari tulivua viatu.

Sijawahi kusikia tena sauti kama ile aliyoitoa mama yangu. Haikuwa neno. Askari kijana aliteremsha bunduki bila kuambiwa. Mtoto mchanga akaanza kulia. Na ndani ya gari wale wanaume bado walikuwa wanarukiana juu ya mapaa.

"Alikuwa amekaa na nani?" Baba aliuliza. Nilirudi nyuma ya mapacha.

Yule askari mzee alimtazama Mama, akatazama ndara, akatazama kisanduku. "Rudi ukamtafute mtoto," alisema. "Hiyo inabaki hapa."

Baba hakusubiri bisibisi. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akakivuta, mbao zikapasuka, nyaya zikatoka chini ya zulia kama mizizi. Kazi ya siku tatu ya Fundi Kalonji aliing'oa kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Aliiweka barabarani miguuni pa askari, dek juu yake, wala hakugeuka kuitazama. Kiganja kilikuwa kinamtoka damu na hakujua.

Njia ya kurudi ni fupi, wote mnaijua. Siku ile haikuisha. Mama alishika zile ndara mapajani. Hakuna aliyezungumza, na kimya kile hakikuwa kile cha asubuhi. Niliwaza magari. Niliwaza mabasi ya Ruhengeri na Gisenyi, na mtu yeyote tu anayeweza kumshika mkono mtoto akampandisha. Niliahidi kwa Mungu mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kuyatimiza.

Nyabugogo, pale tuliposimamisha gari, palikuwa na basi. Baba alikimbia huku akiita, Mama akakimbia upande mwingine, na mimi nikaachwa na mapacha na mtoto mchanga. Hassan alikuwa analia. Niliona watoto wengi wenye gauni la njano kama la Mwamini, kila mmoja nilimdhani yeye.

Kisha nikasikia mtu akimfokea Baba.

Alikuwa mama muuza avoka, yaani maparachichi, mnene, mwenye sweta la sufu licha ya jua, na pengo kubwa mbele. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, r na l zikibadilishana nafasi. "Wewe muzee! Unabeba gunia, unaacha mutoto? Gunia iko na miguu?" Nyuma yake, juu ya magunia matupu, Mwamini alikuwa amekaa pekupeku na kijiko mkononi, avoka hadi mashavuni. "Amekura mbiri. Nimemwambia asitoke. Kila konda hapa nimemwambia, gari nyeupe ikirudi muniite."

Mama alifika, akamwona. Alikaa chini kwenye matope na kitenge chake cha safari. Hakumkumbatia Mwamini kwanza. Alimvisha ndara, moja, kisha ya pili, ambayo aliikosea mara tatu.

"Nilimfuata Baba," Mwamini alieleza, akishangaa kwa nini watu wazima wanalia. "Sikuona sinema. Vichwa vyenu vikubwa."

Baba alitaka kumshukuru yule mama. Alimshika mikono yote miwili tu, akaiinamia. Naye akamfukuza kama kuku. "Nenda, nenda, unanifungia wateja."

Hatukwenda Butare siku ile. Mama aliniuliza mara moja tu, jioni tunakula, bila kuinua macho: "Nani alisema tupo?" Kabla sijajibu Hassan alisema, "Ni mimi," na Huseni akasema, "Ni mimi." Mama alitutazama watatu, akaendelea kumlisha Mwamini ambaye alikuwa ameshiba. Hakuuliza tena maisha yake yote.

Yaliyofuata mwaka 1994 mnayajua, wala sina haja ya kuyasimulia hapa. Tulitoka Biryogo kwa miguu. Sote saba tulirudi, na hilo nalisema kwa sauti ndogo, kwa sababu najua ninaowaambia ni nani na wamepoteza nani. Pejo hatukuikuta. Fundi Kalonji hatukumsikia tena.

Mara tu njia zilipofunguka Mama alikwenda Nyabugogo. Alitaka kumwona muuza avoka. Alikuta wachuuzi wapya, wengi waliokulia Uganda na Tanzania, wenye Kiswahili kingine. Waliuliza jina lake ni nani. Hapo ndipo Mama alipogundua kwamba hatukuwahi kumuuliza jina. Alieleza sweta, alieleza pengo. Watu walitikisa kichwa. Alikwenda Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine.

Siku hizi Mwamini anaishi Kagarama, ana watoto wawili na gari lililotoka kiwandani na vioo viwili vya sinema nyuma ya viti. Watoto wake wamevaa vitu masikioni, hawaulizi chochote kuhusu vilima. Sahani ya chipsi wanaipiga picha kumi kabla ya kuila. Nawacheka, kisha najinyamazia. Sisi tulikuwa na macho na hatukuwa na kamera hata moja, na siku tuliyopaswa kutumia hayo macho tuliyatumia kwa karate. Wao wakikutana na mtu dakika mbili tayari wana namba yake, jina lake, na picha ya mbwa wake. Sisi mtu alitutunzia mtoto wetu, tukaondoka bila hata jina la kumwombea dua.

Mama sasa ana zaidi ya miaka sabini. Nikimpitisha Nyabugogo hunisimamisha. Hushusha kioo, akatazama usoni kila mama mwenye beseni la avoka, wa kushoto na wa kulia, bila haraka, magari nyuma yetu yakipiga honi.

"Mama," nilimwambia majuzi, "yule leo angekuwa bibi kizee."

"Najua," alinijibu, bado anatazama. "Na mimi ni bibi kizee. Tutatambuana."